Kamari Iliyovaa Koti la Hesabu



Upo usemi unaozidi kusikika katika vikundi vyetu, kuanzia bandarini hadi ng'ambo ya Lukuga: «Mimi sichezi kamari, mimi nafuata takwimu.» Anayesema hivyo hujiona tofauti na mwenzake anayebahatisha. Ana simu, ana majedwali ya michezo iliyopita, anajua timu ipi imeshinda mara ngapi ikiwa nyumbani na mara ngapi ikiwa ugenini. Tena haishii kwenye mpira wa Ulaya. Siku hizi programu za pari zinamletea hata mpira wa Kimarekani, mchezo ambao sheria zake wengi wetu hatuzijui, na ambao michezo yake mingine huanza saa nane za usiku kwa saa zetu, wakati mwanafunzi wa kesho asubuhi angepaswa kuwa amelala.

Sisi tunaupinga usemi huo. Wala hatuupingi kwa kuogopa hesabu, maana hesabu tunaiheshimu. Tunaupinga kwa sababu hesabu yenyewe inaukataa.

Tuanze na pari hiyo ya Kimarekani. Kampuni hutangaza tofauti ya pointi. Tuseme timu yenye nguvu imewekewa pointi sita na nusu. Ukiichagua hiyo, haitoshi ishinde. Ni lazima ishinde kwa pointi saba au zaidi. Ukichagua timu dhaifu, unapata hata ikishindwa, mradi isipitwe kwa zaidi ya pointi sita. Kwa njia hiyo, mchezo wa wasiolingana hugeuzwa kuwa kitu kinachokaribia kurusha sarafu. Ndilo kusudi la ile tofauti.

Sasa tazameni bei. Kwa kawaida ya pari hiyo, mtu huweka 110 ili apate faida ya 100. Tuhesabu kwa franka. Kijana anaweka franka 1.100 kila mara, mara mia moja. Akipatia hamsini, anapata faida ya franka 50.000, akikosea hamsini, anapoteza franka 55.000. Amepatia nusu nzima, na bado ametoka na hasara ya franka 5.000. Akipatia 52, bado ana hasara ya franka 800. Ni lazima apatie 53 ndipo aanze kuona faida, nayo ni franka 1.300 tu, baada ya kuweka jumla ya franka 110.000. Je, huu ndio ufundi wa kumkosesha mtu usingizi?

Mfuata takwimu atajibu: «Lakini timu hii imeishinda tofauti yake mara tano mfululizo!» Tumwulize: timu za ligi hiyo ni ngapi? Ni 32. Sarafu ikirushwa mara tano, uwezekano wa kuanguka upande uleule uliouchagua mara zote tano ni mmoja katika 32. Basi, kama timu zote 32 zingekuwa sarafu tupu zisizo na nguvu wala udhaifu, bado tungetazamia kwamba kwa wastani mojawapo ingeonyesha «mwenendo» huo. Na mwenye kuchambua majedwali akiongeza masharti, yaani usiku, mvua, ugenini, baada ya kushindwa, hatakosa kamwe mwenendo wa kumfurahisha. Amezungusha wavu ziwani mpaka akapata samaki aliyemtaka, kisha anatuambia kwamba ziwa zima lina samaki wa aina hiyo.

Zaidi ya hayo, jedwali lililo mikononi mwake, kampuni nayo inalo. Inalo tangu jana, pamoja na wataalamu wanaolipwa kulisoma. Yale ambayo kila mtu anayajua yamekwisha kutiwa ndani ya ile tofauti ya pointi kabla kijana wetu hajafungua simu.

Hatukatai kwamba wapo watu wachache duniani wanaofaidika kwa hesabu. Lakini kazi yao inadai mtaji mkubwa, mashine na miaka mingi; tena kampuni nyingi zikimtambua mteja anayeshinda daima, humpunguzia kiasi anachoruhusiwa kuweka. Biashara inayomfungia mlango mshindi na kumfungulia mshindwa, tuiiteje?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, haisemi kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi. Inafundisha kwamba mchezo huo haukubaliki tena pale unapomnyima mtu kile anachohitaji yeye na wale wanaomtegemea, na inaonya kwamba tamaa ya kamari yaweza kumfanya mtu mtumwa. Hapa kwetu mpaka huo uko karibu sana. Franka 1.100 za simu zinatoka wapi? Mara nyingi zinatoka katika minervali, au katika kikapu cha ndagala ambacho mama alikiuza juani tangu asubuhi. Anayeziweka kwenye mchezo wa Marekani ameweka rehani jasho lisilo lake.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa vikundi jambo moja jepesi. Mtu akija mbele yenu kujisifu kwa takwimu zake, msibishane naye. Mwombeni daftari: kila franka iliyoingia na kila franka iliyotoka, kwa tarehe, kwa miezi sita. Aliye na daftari la kweli atayaona mwenyewe yale tuliyoyaandika. Asiye nalo hana takwimu. Ana kumbukumbu ya siku alizoshinda tu.

Nanyi mnaopenda hesabu, mji huu unawahitaji. Kuna wauza samaki wasiojua faida yao ya mwezi, kuna sanduku la jumuiya linalohitaji mtunzaji mwaminifu, kuna wadogo zenu wanaoshindwa na sehemu na asilimia. Huko hesabu yenu italisha watu.