Kahawa Iingie Ndani

Sisi watu wa mwambao twapenda kujigamba kwamba kahawa ni yetu. Jua likisha kutua, muuzaji hupita na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe, na barazani watu hukaa wakanywa kahawa chungu kwa tende au haluwa. Lakini ingia majumbani mwetu uone. Ndani mna chai: ya maziwa asubuhi, ya mkandaa adhuhuri, ya tangawizi jioni, na mgeni akija huwekewa chai. Kahawa ni ya nje, na kwa kuwa ni ya nje imekuwa ya wanaume. Mama zetu na dada zetu, ambao ndio wenye meko, aghalabu huionja pale tu mtoto anapotumwa barazani na chupa.

Mimi ni mtu wa chai tangu siku za chuoni, tulipokuwa tukimeza mkandaa wa moto kabla ya kufungua msahafu. Miezi hii michache nimekuwa nikijifunza kupika kahawa ya Kituruki jikoni kwangu, na nashuhudia kwamba hii ndiyo kahawa iliyoumbwa kwa ajili ya nyumba.

Mtu wa chai ana mkono wake. Huchemsha maji kwa nguvu, akatia majani, akaacha itokote, akaenda zake kuzungumza. Kahawa ya Kituruki haimruhusu. Kila kitu huanzia kwenye maji baridi. Maji hupimwa kwa finjani ile ile ya kunywea, moja kwa kila mnywaji, na kila finjani hutiwa vijiko viwili vidogo, yaani kama gramu 7, za kahawa iliyosagwa laini kama unga wa ngano. Sukari nayo huingia wakati huo huo, kwani kahawa ikisha kumiminwa haikorogwi tena. Ukiikoroga wayaamsha mashapo.

Hapo ndipo penye adabu yake. Mpishi hana budi kumwuliza kila mtu kabla ya kuinjika: ataka bila sukari, au kidogo, au ya kiasi, au tamu kabisa? Waturuki wana jina kwa kila daraja, na ile isiyo na sukari huiita sade. Sisi chai twaitia sukari ya birika zima, mwenye kupenda na asiyependa wakanywa mamoja, na mwenye maradhi ya sukari akanyamaza kwa haya.

Basi koroga mara moja hata unga uchanganyike, weka juu ya moto mdogo, kisha simama hapo hapo. Baada ya dakika chache povu litajikusanya pembezoni mwa chombo na kuanza kufunga kuelekea katikati. Likipanda, epua kabla halijachemka. Gawa povu kwa kijiko katika kila finjani, rudisha chombo motoni kahawa ipande tena, kisha mimina polepole. Ngoja dakika moja au mbili mashapo yatulie chini. Kahawa iliyoachwa ikachemka hupoteza povu lake, na kahawa isiyo na povu, kwa Mturuki, ni aibu kumwekea mgeni. Maziwa hayatiwi.

Silisemi vibaya dele letu. Kahawa ya dele hupikwa kwa wingi, hutokota kwa muda mrefu, na tangawizi huipa ukali wake. Yafaa baraza la watu ishirini. Ya Kituruki ni ya watu wawili watatu, mke na mume, au mama na jirani yake.

Najua wapo watakaouliza: kwa nini tuwaige Waturuki? Nawajibu kwa lugha kwanza. Wao husema kahve na fincan, sisi kahawa na finjani, na sote tumeyachukua maneno hayo kwa Waarabu. Chakula cha asubuhi wao hukiita kahvaltı, yaani cha kabla ya kahawa. Kinywaji chenyewe kilitoka Yemen, walikokinywa Masufi katika karne ya 15 ili wakeshe katika dhikiri. Mwaka 1511 gavana wa Makka alikipiga marufuku. Mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne alizifunga nyumba za kahawa za Istanbul. Watawala waliogopa mazungumzo ya pale. Nyumba zikafungwa, kahawa ikabaki. Mwaka 2013 UNESCO iliitia ada hii ya Waturuki katika orodha ya urithi wa wanadamu. Na tusidhani kwamba wao ni maadui wa chai. Hii leo ni miongoni mwa wanywaji wakubwa kabisa wa chai duniani, lakini posa ikija, binti huwapikia wakwe kahawa, na bwana arusi hutiliwa chumvi katika yake ili aonekane kama ana subira!

Sisi je? Mibuni ilipandwa Bura, katika milima ya Taita, mwaka 1893. Chai ilipandwa Limuru mwaka 1903. Kahawa ni kaka wa chai katika nchi hii kwa miaka kumi. Hata hivyo sehemu kubwa ya buni yetu hupakiwa mbichi bandarini Mombasa ikaenda kwa watu, na sisi tukanunua kopo la unga wa kuyeyuka, tukaliita kahawa.

Tusingoje chombo cha shaba kutoka Istanbul. Sufuria ndogo yenye mdomo mwembamba na mkono mrefu yatosha. Buni yaweza kukaangwa nyumbani, ikatwangwa kinuni na kuchungwa kwa chekeche la unga, na hiliki punje moja haina neno. Lililobaki ni la wenye mashine za kusaga madukani. Wengi wao husaga kahawa kama chenga za mchele, na ukiomba laini zaidi hukwambia mashine haiwezi. Mashine yaweza. Naiomba waikaze.