Ndege Wawili, Jina Moja

Lugha yetu imewapa tumbusi na eropleni jina moja: ndege. Haikukosea. Bawa husukuma hewa chini, nayo hewa hulisukuma bawa juu. Tofauti ni nguvu. Eropleni huendeshwa na injini. Tumbusi wetu wa Shinyanga hungoja jua liwake, kisha hupandishwa na hewa ya moto inayoinuka ardhini, wala hapigi mabawa.

Basi hukutana huko juu. Mwezi Novemba 1973, juu ya Abidjan, tumbusi aligongwa kwenye kimo cha mita 11,300. Injini moja ikaharibika, eropleni ikatua salama. Lakini ndege wengi hugongwa karibu na viwanja. Ng'ombe akifa jirani na kiwanja cha Ibadakuli, mfukieni upesi. Tumbusi huuona mzoga toka mbali mno.