Nani Alisema Twiga ni Twiga Tu?

Wasee, wacha nianze kwa kukubali makosa. Miezi michache iliyopita nilienda Lang'ata, kwenye kile kituo cha twiga, nikajirekodi nikimlisha mmoja. Ulimi mrefu, mate kila mahali, mnajua vile hukuwa. Halafu nikaangalia kamera nikasema bila hata kupepesa macho: "Twiga wamejaa Afrika, zaidi ya laki moja. Wacheni presha, hawa hawaendi popote." Video ikatembea kuliko nilivyotarajia. Kwenye komenti, mzee mmoja anayesema amekuwa akitembeza wageni mbugani tangu kabla mimi nizaliwe akaniandikia: "Kijana wangu, hesabu yako iko sawa. Lakini umehesabu nini?"

Nikamjibu na emoji ya kucheka. Usiku swali likanikatalia usingizi, nikaanza kusoma.

Sasa iko hivi. Kwa miaka mingi vitabu vilisema twiga ni spishi moja, yenye vijiaina kama tisa ndani yake. Mwaka 2016 wanasayansi waliolinganisha DNA za twiga kutoka sehemu mbalimbali za Afrika wakatoa utafiti unaosema hapana, hawa ni spishi nne. Watu wakabishana miaka karibu kumi. Agosti 2025 IUCN, shirika linaloweka ile orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, likakubali rasmi: spishi nne. Twiga wa kusini, twiga wa Kimasai, twiga wavu na twiga wa kaskazini.

Rudi sasa kwa ile laki moja yangu na kitu. Igawanye. Wa kusini wako karibu 69,000, yaani kama nusu ya twiga wote duniani, na hao wako kina Namibia, Botswana na Afrika Kusini huko. Wa Kimasai kama 44,000. Twiga wavu kama 21,000. Wa kaskazini? Karibu 7,000. Dunia nzima. Watu wa mechi moja ya derby Nyayo wanaweza kuwazidi.

Na yule niliyekuwa namlisha nikisema hawaendi popote ni wa hiyo 7,000. Manze niliona aibu.

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane. Jumla kubwa inaweza kukudanganya bila kusema uongo hata mmoja. Ukiwaita wote twiga, halafu wa kusini waongezeke, jumla inapanda, tunapiga makofi, na wa kaskazini wanaisha kimyakimya ndani ya hiyo hiyo furaha.

Kenya tuko na spishi tatu kati ya hizo nne. Sijui kama mnaelewa ukubwa wa hiyo stori. Twiga wavu yuko kuanzia Laikipia na Samburu kupanda hadi Garissa: madoa yake ni kama vigae vya bafuni, mistari myeupe imenyooka katikati. Wa Kimasai yuko Mara, Amboseli, Tsavo na hapa kwetu Mbuga ya Nairobi, madoa yamechanikachanika kama majani. (Jina lake la kisayansi, by the way yangu ya Kiswahili, limetoka kwa Mjerumani anaitwa Tippelskirch. Mmasai amekaa na huyu mnyama miaka yote hiyo, jina likaenda Ujerumani.) Wa kaskazini, ambaye wengi walizoea kumwita Rothschild, yuko Nakuru, Ruma, Baringo na hapo Lang'ata. Yeye mwangalie miguu. Kuanzia goti kushuka hana madoa, ni kama amevaa soksi nyeupe za shule.

Kwa hivyo mtoto wa Nairobi anaweza kuona spishi mbili za twiga siku moja, bila kutoka mjini, na arudi nyumbani aseme ameona twiga. Mimi nimefanya hivyo maisha yangu yote.

Najua kuna mtu tayari anaandika: "Bro, watu hawana unga na wewe unatuletea majina ya Kilatini." Sawa. Lakini kuainisha si kazi ya kupamba vitabu. Angalia kilichotokea kwa hawa wa soksi nyeupe. Miaka ya sabini, waliobaki Kenya walikuwa zaidi ya mia kidogo tu, kwenye shamba moja kubwa upande wa Soy, karibu na Eldoret, na shamba lenyewe lilikuwa linagawiwa watu. Kama kila mtu angesema "twiga ni twiga, si wako wengi Mara", stori ingeishia hapo. Ilibidi mtu ajue kwamba hawa ni tofauti ndio ahangaike kuwahamisha. Mwaka 1974 mmoja, kitoto kilichoitwa Daisy, akaletwa Lang'ata kulelewa nyumbani kwa watu. Wengine wakapelekwa Nakuru na kwingine. Kituo tunachoenda kupiga selfi kimetokana na huo wasiwasi.

Halafu kuna Baringo, na hii lazima niisimulie polepole. Mwaka 2011 twiga wanane wa aina hii walirudishwa Ruko, kando ya Ziwa Baringo, ambako babu zao waliishi zamani kabla ya kumalizwa. Mahali walipowekwa, Longicharo, palikuwa kama ulimi wa nchi kavu umeingia ziwani. Maji ya ziwa yakapanda, yakapanda tena, na ulimi ukawa kisiwa. Twiga wakabaki katikati ya maji, chakula kinaisha. Sasa utamtoaje twiga kisiwani? Wakatengeneza chelezo cha chuma, pembeni kikazungushiwa kuta, chini kikaelea kwa mapipa matupu. Wakamzoesha twiga kuingia humo kufuata chakula, kisha chelezo kikavutwa kwa boti hadi nchi kavu. Wa kwanza, Asiwa, alivuka Desemba 2020. Wa mwisho walivuka Aprili 2021. Tisa wote salama.

Niulize: kwani mnadhani pesa yote hiyo na jasho lote hilo vingetumika kwa wanyama tisa tu kama kwa daftari wangekuwa tisa kati ya laki moja?

Wacha nikubali kitu kimoja, kwa sababu sitaki kujifanya daktari wa wanyama. Spishi ni mstari ambao binadamu anachora. Kuna wanasayansi waliosema ni tatu, si nne, na kwenye zoo za ng'ambo twiga wa aina tofauti wamewahi kuzaa pamoja. Kwangu mimi hiyo ndiyo inaongeza uzito. Ukipakia twiga kwa lori kumhamisha bila kujua ni yupi, unaweza kuwachanganya wale ambao maumbile yamewatenga muda mrefu sana, na hiyo hakuna kuirudisha nyuma.

Na si twiga peke yao. Sensa ya kwanza ya kitaifa ya wanyamapori ilifanywa 2021, Mei hadi Julai. Hapo nyuma kila mbuga na mradi ulikuwa unahesabu kivyake. Sasa tuseme wangeandika tu "swala: wengi sana", vile sisi huongea tukiwa kwa gari. Hirola, anayeishi upande wa Garissa na Tana River, walipatikana 497. Na swala korongo wa Ruma, kule Homa Bay, walikuwa 15. Kumi na tano! Hao wangemezwa na kundi moja tu la swala pala la Mara, na hakuna mtu angegundua.

Kitu kingine nimependa ni kwamba hii kazi si lazima uvae kaki ndio uifanye. Kila twiga ana madoa yake, hayafanani na ya mwingine, na pundamilia ni hivyo hivyo na mistari. Tangu 2016 kuna zoezi la kuhesabu pundamilia wa Grevy kule kaskazini ambapo watu wa kawaida, hata wanafunzi, huzunguka siku mbili wakipiga picha ubavu wa kulia wa kila pundamilia, halafu kompyuta inalinganisha mistari kujua yupi ni yupi. Mwaka 2018 wakaongeza twiga wavu. Yaani picha yenye tarehe na mahali inakuwa hesabu. Simu zetu zimejaa picha za twiga, ila nyingi sisi ndio tumesimama mbele ya madoa.

Ile video sijaifuta. Nimeiwekea nyingine juu yake, nimerudi Lang'ata na safari hii kamera iko chini, kwa magoti. Mzee wa komenti ameiona. Ameandika: "Sasa nenda Nakuru uwaone wasiolishwa na mkono." Nauli natafuta. Nikifika nitawaonyesha hizo soksi.