Kusoma Bila Kuharibu

Ndugu msomaji, huenda nyumbani mwako imo kompyuta iliyohifadhi hesabu za michango ya arusi, au habari za ukoo alizosimulia marehemu babu. Kijana wako akifungua dirisha la kuandikia amri, usimfukuze. Mfundishe kwanza kusoma bila kuharibu.

Katika mfumo wa Unix, ulioanzishwa Marekani mwaka 1969 katika maabara ya Bell, na katika Linux iliyofuata nyayo zake, amri ya "cat" pamoja na jina la faili humwaga maandishi yote kwenye kioo. Hapo paka hahusiki. Neno hilo ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya kuunganisha. Maandishi yakiwa marefu, hupita mbio machoni. Basi itumike "less", ionyeshayo ukurasa mmoja mmoja: kitufe cha nafasi husogeza mbele, herufi b hurudisha nyuma, na q hukutoa. Kuona mistari 10 ya mwanzo iko "head". Ya mwisho, "tail".

Amri hizo husoma tu. Lakini ole wake atakayechomeka alama ya mshale (>) kati ya "cat" na jina la faili! Papo hapo yaliyomo hufutika, na kwa kawaida kompyuta haiulizi. Babu naye hatarudi kusimulia tena.

Kwa hiyo, mzazi, weka nakala mahali pengine kwanza, ndipo umwache mtoto ajifunze.