Namba Moja ya Google Haina Dalali

Ujumbe wenyewe unajulikana. Unaingia WhatsApp usiku, umepambwa kwa alama za moto na roketi: "Bosi, tunaiweka tovuti yako namba moja Google ndani ya siku 30, uhakika asilimia mia." Mwenye hoteli Zanzibar anaupata, mwenye kampuni ya utalii Arusha anaupata, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo naye hakosi. Wengi wanalipa. Si kwamba ni wajinga. Wanaamini tu jambo ambalo karibu kila mfanyabiashara mjini analiamini: Google ina siri, siri ina fundi, na fundi ana bei.

Imani hiyo ni ya uongo, na inatugharimu.

Mimi simwoni fundi huyu kuwa mbali sana na bango la mganga lililopigiliwa kwenye nguzo ya umeme. Mmoja anamrudisha mpenzi aliyeondoka, mwingine anamleta mteja asiyekujua, na wote wawili hawaelezi wanafanyaje. Mganga walau haombi neno la siri la barua pepe yako.

Tuanze na mwenye mali. Google imeandika waziwazi, katika maelekezo yake kwa wenye tovuti, kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza, na kwamba haipokei pesa ili kuipandisha tovuti kwenye matokeo ya kawaida. Inachouza ni matangazo, yale yanayokaa juu yakiwa yameandikwa kuwa yamedhaminiwa. Bajeti ikikatika, nawe umeshuka. Kuna mafundi ambao kazi yao yote ni hiyo: wanapokea pesa, wananunua tangazo la siku chache, wanakupigia picha ya skrini ukiwa juu kabisa, kisha simu haipokelewi tena. Wengine hawahangaiki hata kununua tangazo. Wanakuonyesha kwamba ukiandika jina la kampuni yako unatokea wa kwanza. Sasa ukiandika jina la duka lako kama lilivyo kwenye leseni, ulitaka atokee nani?

Hila nyingine wanazouza ni mali iliyokwisha muda. Ipo ile ya kujaza orodha ya maneno muhimu ndani ya msimbo wa ukurasa, mahali ambapo msomaji haoni. Septemba 2009 Google ilitangaza kwamba haiitumii orodha hiyo kabisa katika kupanga matokeo yake ya utafutaji. Mtoto aliyezaliwa mwezi huo keshamaliza darasa la saba, na bado unaikuta kwenye ankara ya fundi, ina mstari wake na bei yake.

Halafu kuna viungo vya kununua. Hapa pana historia, na inafaa kuielewa. Larry Page na Sergey Brin walipokuwa wanafunzi Stanford, kabla ya kuanzisha Google mwaka 1998, walikuja na wazo jepesi lenye nguvu: tovuti ikiweka kiungo kwenda kwa nyingine, hiyo ni kama kura, na kura ya ukurasa wenye heshima ina uzito kuliko ya ukurasa usiojulikana. Lilikuwa wazo zuri. Lakini panapopigwa kura hununuliwa kura, na biashara ya viungo ikazuka duniani kote.

Ilivyoishia inajulikana. Februari 2011 gazeti la New York Times liliianika JCPenney, kampuni ya Marekani iliyokuwa na maduka zaidi ya elfu moja. Kwa miezi kadhaa, msimu wa sikukuu ukiwemo, ilikuwa juu kabisa kwa magauni, matandiko, mazulia, karibu kila kitu inachouza. Sababu ilikuwa maelfu ya viungo vilivyopandwa kwenye tovuti zisizohusiana kabisa na nguo wala matandiko. Google ilipochukua hatua, kwa utafutaji wa mabegi ya Samsonite kampuni hiyo iliporomoka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya 71 jioni moja, ndani ya saa mbili. Wenyewe walisema hawakujua lolote, wakaachana na washauri wao. Miaka mitano nyuma, Februari 2006, tovuti ya BMW ya Ujerumani ilikuwa imeondolewa kabisa kwenye matokeo kwa kosa la jamii hiyohiyo: kurasa zilizosheheni maneno ya magari yaliyotumika kwa ajili ya mashine, huku binadamu akipelekwa kwenye ukurasa mwingine. Aprili 2012 Google ikatoa mabadiliko yaliyopewa jina la Penguin, yaliyolenga hila hizi moja kwa moja, na tovuti nyingi zikazama bila hata kuandikiwa barua.

Utaniambia: lakini JCPenney ilikaa juu miezi, ikauza. Kweli, na sitaki kudanganya kwamba hila hazifanyi kazi kamwe. Wapo wanaopenya hata leo. Ila BMW ilirudi kwenye matokeo baada ya siku chache kwa kuwa ni BMW, na duniani kuna watu wanaoitafuta kwa jina. Nyumba ya wageni yenye vyumba sita kule Jambiani nani ataitafuta kwa jina ikifutwa? Fundi atakuwa keshahamia kwa mteja mwingine. Wewe utabaki na tovuti iliyochafuka.

Toleo jipya la imani hii ni la akili mnemba: zalisha makala mia tano kwa usiku mmoja, mimina kwenye tovuti, Google itashiba. Machi 2024 Google iliongeza kwenye kanuni zake katazo la kuzalisha kurasa kwa wingi ili tu kupanda kwenye matokeo, ziwe zimeandikwa na mashine au na mtu. Kinachoangaliwa ni kama ukurasa una faida kwa anayeusoma.

Na hapo ndipo kilipo kichekesho. Tazama kampuni zetu za kupandisha watalii Kilimanjaro. Tovuti nyingi zinasema yaleyale, kwa maneno yaleyale, na kila moja inajiita bora Tanzania. Mlima una mita 5,895, sawa, hilo hata mtoto wa shule anajua. Anayepanga safari akiwa Berlin au Toronto ana maswali mengine. Nikija Aprili wakati wa masika, njia gani ina nafuu? Kiongozi yeyote wa Moshi atamjibu bila kufikiri: jaribu Rongai, iko kaskazini upande wa mpaka wa Kenya, mvua huwa chache kuliko kusini. Nataka kulala kwenye kitanda, si hemani? Basi ni Marangu, ndiyo njia pekee yenye vibanda. Naogopa kimo, ule ukuta wa Barranco kwenye njia ya Machame ukoje? Mpagazi analipwa kiasi gani kwa siku, na nimpe bakshishi ya shilingi ngapi? Kwa nini kampuni moja inaniambia bei hii na nyingine nusu yake?

Majibu hayo yamo kichwani mwa watu waliokwishapanda mlima ule mara zisizohesabika. Google haiwezi kuyabuni, wala fundi wa WhatsApp hawezi. Lakini mwenye kampuni hamwiti kiongozi wake akae naye ayaandike, akaweka picha za kambi alizopiga mwenyewe, na bei iliyochanganuliwa: ada ya hifadhi kiasi hiki, chakula kiasi hiki, mishahara kiasi hiki. Anamlipa mtu asiyewahi kufika lango la Machame amnunulie viungo kutoka tovuti ya kamari. Mimi hili linanikera kuliko utapeli wenyewe.

Mwenye duka la Kariakoo naye ana lake. Wateja wake wanatafuta kwa Kiswahili: bei ya bati, bei ya nondo, vigae vya chooni. Tovuti yake imeandikwa Kiingereza cha brosha, haina bei hata moja, na haisemi duka liko Mtaa wa Kongo au wapi. Kumbe kuandikisha duka kwenye ramani ya Google, pamoja na saa za kufungua, namba ya simu na picha ya mlango, ni bure. Kwa anayetafuta duka la jirani, ramani hiyo mara nyingi hutokea juu ya tovuti zote.

Simfukuzi fundi. Fundi wa kweli ana kazi, tena ya kuheshimika: tovuti ifunguke haraka kwenye simu ya bei nafuu yenye bando la kuungaunga, picha zipunguzwe uzito, kurasa zisizosomeka na Google zitafutwe zirekebishwe. Utamtambua kwa jambo moja: anaeleza anachofanya, na hatoi ahadi ya namba.

Kwa hiyo kabla hujamtumia mtu pesa, fungua Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, nayo ni bure, usome maneno halisi ambayo watu waliyaandika hadi tovuti yako ikatokea mbele yao. Chukua maswali matano kati ya hayo, mwite mfanyakazi wako anayejua majibu, mkae muyaandike. Na yule wa siku 30 akikutumia ujumbe tena, mwambie aiweke ahadi yake kwenye mkataba, na malipo yatoke siku ya 31.