MAITI YA MVUVI SI MZIGO WA KUTUPWA GARINI

Ndugu wanachama,

Mvuvi akifa ziwani, neno moja huandikwa katika karatasi: "Amezama." Shauri limekwisha. Mimi nasema hapo ndipo shauri linapoanza, na sisi wenyewe tunaolala juu ya maji twasaidia kuliua kwa haraka yetu.

Nilikuwako siku kibarua mmoja wa mashua ya omena alipoletwa ufuoni, upande wa Karungu. Ilikuwa siku ya tatu tangu apotee, maana katika maji yetu yenye joto maiti huzama kwanza, kisha huinuka baada ya siku mbili tatu. Watu, kwa huruma, walimvua fulana, wakamwosha matope, wakamfunika blanketi, wakamtia garini. Hakuna aliyeandika alikutwa wapi, saa ngapi, wala upepo ulitoka upande gani. Mjane alipokwenda kudai haki yake, mwenye mashua alisema: huyu hakuwa katika chombo changu usiku ule. Tukatafuta maandishi. Hapakuwa na hata nambari ya mashua. Mama yule akarudi nyumbani kwa nauli ya kukopa.

Sheria haikusahau jambo hili. Kifungu cha 386 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai chamwamuru mkuu wa kituo cha polisi, akipata habari ya kifo cha ajali, ampashe hakimu mara moja, kisha aende mahali maiti ilipo, achunguze na kuandika majeraha na alama zote. Yasema aende, haisemi angoje kuletewa maiti kwa pikipiki. Najua petroli ya kituo ni haba, na Remba au Mfangano si mwendo wa miguu. Lakini serikali yenye mashua za kuwakamata wenye nyavu haramu haiwezi kutuambia haina mashua ya kuifuata maiti.

Wengine husema, kuzama ni kuzama, kuna nini cha kuchunguza? Wawaulize watu wa Mto Yala, huko Siaya, ambako Januari 2022 nchi nzima ilisikia habari za maiti nyingi zilizoopolewa mtoni, nyingine zimo ndani ya magunia. Hata daktari hawezi kusema "alikufa maji" kwa kuutazama mwili tu. Huondoa kwanza sababu nyingine, na hutegemea sana habari za mahali penyewe. Povu la puani hufutika kwa kitambaa kimoja. Ngozi ya mikono iliyokunjamana haithibitishi kitu, kwani hata aliyetupwa majini akiwa amekwisha kufa hukunjamana vile vile.

Basi mkimkuta mwenzetu, na kuna shaka kidogo tu kwamba yu hai, mwokoeni, karatasi itangoja. Kama amekwisha kufa, wala maji hayamchukui, mwacheni alivyo na kuwaita polisi. Mkilazimika kumwopoa, pigeni picha kwanza kwa simu, yake na ya mahali, wala msizitawanye. Hii si sinema. Kamba isifungwe shingoni, itaacha alama ya uongo. Msimvue nguo, msikate fundo. Andikeni saa, mahali, upepo, nambari ya mashua, kama alivaa jaketi la kuokolea, na majina ya waliokuwa naye. Karani wa kamati ya ufuo, yaani BMU, atie hayo daftarini siku ile ile.

Na asipopatikana kabisa? Ripotini vile vile. Kifungu hicho hicho chamtaja aliyepotea akadhaniwa amekufa. Bila ushahidi, jamaa zake huenda wakangoja miaka 7 kabla ya sheria kumhesabu kuwa marehemu, hali sheria ya mafao ya kuumia kazini ya 2007 yataka dai liletwe kabla ya miezi 12 tangu kifo.

Naomba mkutano ujao ukubali kununua daftari moja na kalamu kwa kila ufuo, kutoka Muhuru hadi Kendu. Bei yake haifiki debe moja la omena.

Mwanachama, Sori