Chungu Kilicho Chini ya Milima

Juma lililopita hapa Kirewa, mwanangu aliutazama Mwamba wa Tororo kwa mbali, akaniuliza: “Baba, mwalimu amesema pale palikuwa na mlima wa moto. Je, hautalipuka usiku tukiwa tumelala?” Nikafahamu kwamba watoto wengi wa askari, wahamao na wazazi wao toka kituo hadi kituo, huenda wana hofu hiyo hiyo.

Ndugu msomaji, tazama chungu mekoni. Uji mwepesi hutoa mvuke bila taabu. Ukifurika, hutiririka hadi mafigani. Uji mzito huufunga mvuke ndani, kisha hupasuka na kurusha matone yaunguzayo. Volkano nazo ni vivyo hivyo. Zaha, yaani mawe yaliyoyeyuka, ikiwa nyepesi hutiririka mbali na kujenga mlima mpana mfano wa ngao, kama Nyamulagira huko Kongo. Ikiwa nzito huiziba gesi. Nguvu ikizidi, mlima hulipuka na kurusha majivu na mawe. Tabaka hizo hurundikana zikafanya mlima wa kuchongoka, kama Meru wa Tanzania.

Lakini asidhani mtu kuwa zaha nyepesi haina madhara. Ya Nyiragongo, jirani ya Nyamulagira, ni nyepesi mno na miteremko yake ni mikali. Tarehe 10 Januari 1977, ziwa la zaha la kileleni lilipasua ubavu wa mlima na kumwagika lote kwa muda usiozidi saa moja, likiwaua watu wengi. Mwaka 2002 zaha ilipita katikati ya mji wa Goma. Iliposhuka tena tarehe 22 Mei 2021, watoto wengi walipoteana na wazazi katika kukimbia.

Nilimjibu mwanangu kwamba Mwamba wa Tororo ni mabaki ya volkano iliyokufa zamani sana. Mawe ya chokaa ya huko yamewahi kutumiwa kutengenezea saruji. Elgon nao umekufa. Hata hivyo, udongo wake wenye rutuba hulegea kwa mvua: tarehe 1 Machi 2010 maporomoko yalikifukia kijiji cha Nametsi, Bududa.

Basi, uhamiapo penye milima, waulize wazee: mlima huu u hai au umekufa? Mvua kubwa zinyeshapo, udongo huporomokea wapi? Kisha ichagueni, wewe na jamaa yako, mahali pa kukutania, na kila mtoto ajue kutaja jina lake kamili na la wazazi wake. Tahadhari kabla ya hatari.